Kusinzia mchana na mazoezi ya misuli ya pumzi

Tangu jamaa zangu walipojua kwamba kila asubuhi kabla ya chai huketi wima na kuvuta pumzi kwa nguvu kupitia kifaa kidogo cha plastiki chenye springi ndani yake, swali ninaloulizwa ni lile lile: je, hicho kidude kinaondoa usingizi wa mchana? Jibu langu ni kwamba kinaupunguza, na kwa baadhi ya watu kinaupunguza kwa kiasi cha kuonekana, lakini kupungua kwa usingizi wa mchana na kupona ugonjwa wenyewe ni mambo mawili, na kwa mtu ambaye pumzi yake hukatika usingizini, kuyachanganya mambo hayo kunaweza kumgharimu maisha. Nimeona afadhali niyaandike kwa kirefu mara moja kuliko kuyajibu vipande vipande kwenye makundi ya WhatsApp.

Ugonjwa huu madaktari huuita apnea ya usingizi. Mtu akiwa macho, ubongo huiweka misuli ya koo katika hali ya kukaza kidogo wakati wote, hasa ule msuli mkubwa unaousukuma ulimi mbele, na kwa sababu hiyo njia ya hewa iliyo nyuma ya ulimi na kaakaa laini hubaki wazi. Usingizi ukiingia misuli hiyo hulegea, na katika kipindi cha ndoto hulegea zaidi. Kiwambo, yaani ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hakipumziki. Kinaendelea kuvuta hewa ndani. Kwa mwenye koo jembamba, iwe ni kwa mafuta ya shingoni, kwa umbo la taya au kwa mafindofindo makubwa, mvuto huo huzikutanisha kuta za koo kama mrija wa karatasi ulioloa unapofyonzwa kwa nguvu. Hewa hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka katika damu, na ubongo hulazimika kuzinduka kidogo ili koo likaze tena. Mhusika hukoroma kwa kishindo, hugeuka upande, kisha huendelea kulala bila kukumbuka lolote asubuhi. Matukio hayo huhesabiwa kwa kila saa ya usingizi: kuanzia 5 hadi 15 hali ni nyepesi, 15 hadi 30 ni ya wastani, na kupita 30 ni kali. Aliye katika kundi hilo la mwisho hukatizwa pumzi angalau mara moja kila dakika mbili usiku kucha, kwa hiyo si ajabu akisinzia kikaoni saa nne asubuhi, ingawa mkewe ataapa kwamba alilala tangu saa tatu.

Shida ya mji wetu wa Dar es Salaam ni kwamba kusinzia kuna sababu nyingi, na zote zina sura moja. Mkazi wa Mbagala au Kibaha anayeamka saa kumi alfajiri ili aiwahi foleni na kurudi nyumbani saa tatu usiku atasinzia hata kama koo lake ni pana kama bomba la maji taka, kwa kuwa hajalala vya kutosha. Aliyemeza piritoni kwa ajili ya mafua atasinzia. Upungufu wa damu, kisukari kisichodhibitiwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu huleta uchovu unaofanana sana na usingizi. Ndiyo maana nasita kila mtu anaponiambia kwamba anataka kuanza mazoezi haya kwa sababu tu anasinzia baada ya wali wa mchana. Kwanza ajue ni usingizi wa aina gani anaoupigania.

Kipimo kinachotumika sana kukadiria usingizi wa mchana kilitungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, kikachapishwa mwaka 1991 na kupewa jina la hospitali ya Epworth alikokuwa akifanya kazi. Ni maswali 8, kila moja likipewa alama kuanzia 0 hadi 3 kulingana na uwezekano wa kusinzia: ukisoma, ukitazama televisheni, ukikaa mahali pa hadhara bila kazi, ukiwa abiria garini kwa saa nzima, ukijinyoosha mchana, ukizungumza na mtu, ukikaa kimya baada ya chakula cha mchana bila kunywa pombe, na ukiwa ndani ya gari lililosimama barabarani kwa dakika chache. Jumla ya juu kabisa ni 24, na inayozidi 10 huhesabiwa kuwa ni usingizi uliopita kiasi. Mtu wa Dar es Salaam ana haki ya kucheka anapoulizwa juu ya foleni ya dakika chache, na anayesafiri kwa basi la mwendokasi akiwa amesimama na kubanwa pande zote hawezi kusinzia hata akitaka. Hata hivyo, swali la kuzungumza na mtu ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Anayesinzia katikati ya sentensi yake mwenyewe hana haja ya kujumlisha alama nyingine, aende hospitali.

Sasa mazoezi yenyewe, ambayo watu huyaita kwa jina moja ilhali ni ya aina mbili zinazofanya kazi kwa njia tofauti. Aina ya kwanza ni mazoezi ya ulimi, kaakaa na koo. Utafiti ulioyapa heshima ulifanyika São Paulo, Brazil, na kuchapishwa mwaka 2009, ukiwahusisha wagonjwa 31 wenye hali ya wastani. Kundi moja lilifanya mazoezi kila siku kwa takriban nusu saa, kwa miezi mitatu: kuubana ulimi wote juu ya kaakaa, kuiteleza ncha yake kutoka nyuma ya meno ya juu kuelekea nyuma, kuikandamiza sehemu ya nyuma ya ulimi chini huku ncha ikigusa meno ya chini, kuinua kaakaa laini na kilimi kwa kutamka irabu “a”, kukaza mashavu, na kutafuna chakula kwa pande zote mbili. Matukio ya kukatika pumzi yalishuka kutoka wastani wa 22.4 kwa saa hadi 13.7, na alama za Epworth zikashuka kutoka 14 hadi 8. Kundi la pili, ambalo liliwekwa ili kulinganisha, lilipewa kazi ya kuvuta pumzi ndefu kwa pua, na halikupata nafuu ya maana.

Napenda msomaji asiipite haraka habari ya kundi hilo la pili, kwa kuwa mitandaoni siku hizi kila anayefundisha kuvuta pumzi ndefu huku amefumba macho anadai kwamba anatibu kukoroma. Pumzi ndefu inatuliza moyo, sikatai, na mimi mwenyewe huivuta nikiwa kwenye foleni. Lakini katika utafiti ule ilichaguliwa iwe dawa ya bandia, sawa na kidonge cha unga kisicho na dawa ndani. Msuli hauimariki kwa kufanya kazi uliyoizoea, unahitaji mzigo.

Mzigo huo ndio unaoleta aina ya pili, mazoezi ya misuli ya kuvuta pumzi kwa kutumia kifaa. Kifaa kina mdomo wa kuuma kwa meno na kizibo kinachoshikiliwa na springi. Hewa haipiti mpaka mtu avute kwa nguvu ya kutosha kukifungua. Mtaalamu wa fiziotherapia kwanza hupima kwa manometa, yaani kipimo cha shinikizo, nguvu ya juu kabisa ya mtu ya kuvuta pumzi, ambayo huandikwa kwa sentimita za maji, kisha springi hukazwa ifikie sehemu fulani ya nguvu hiyo. Jennifer Vranish na Fiona Bailey wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walichapisha mwaka 2016 utafiti wa watu 24 wenye apnea: waliofanya mazoezi kweli walivuta pumzi 30 kwa siku dhidi ya asilimia 75 ya nguvu yao, kazi ya dakika tano hivi, kwa wiki 6. Shinikizo lao la damu, ile namba ya juu, lilishuka kwa takriban milimita 12 za zebaki, kiasi ambacho mtu wa kliniki ya presha angekifurahia. Walizinduka mara chache zaidi usiku na wakasema wamelala vizuri zaidi. Lakini idadi ya matukio ya kukatika pumzi haikubadilika.

Hapo ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema, na pia ndipo nilipomsumbua zaidi mtaalamu aliyenifundisha. Nilimuuliza: ikiwa koo linafungwa na mvuto wa kiwambo, kukiimarisha kiwambo si ni kuongeza nguvu ya kulifunga? Akacheka, akaniambia kwamba usingizini mtu havuti pumzi kwa nguvu yake yote, na kwamba koo lina ulinzi wake: likihisi mvuto mkubwa ndani yake, neva hupeleka habari na msuli wa ulimi hukaza ili kuizuia njia isifungwe. Kuvuta pumzi dhidi ya springi hukishughulisha kiwambo na misuli ya koo kwa pamoja. Ila ulinzi huo hudhoofika usingizini, na hii ni sababu mojawapo ya nguvu inayopatikana mchana kutogeuka moja kwa moja kuwa koo lililo wazi usiku. Kwa nini basi mtu hasinzii kama zamani? Maelezo ninayoyaona kuwa na uzito ni kwamba usingizi unakatizwa mara chache zaidi hata kama pumzi inaendelea kukatika, na kwamba mwili mzima unapunguza ile hali ya tahadhari inayopandisha presha na mapigo ya moyo. Katika utafiti wa Arizona hata kiasi cha noradrenalini, homoni inayouweka mwili katika tahadhari hiyo, kilishuka katika damu. Tafiti nyingine ndogo za kifaa zilizotumia maswali ya Epworth nazo zimeonyesha alama zikishuka, huku matokeo kuhusu matukio ya usiku yakigongana.

Hata mazoezi ya ulimi, ambayo sifa yake ni kubwa zaidi, yana kasoro ya namna hiyo yakilinganishwa na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifungwe. Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilipitia tafiti 9 zenye washiriki 347. Dhidi ya tiba bandia, mazoezi yalipunguza alama za Epworth kwa takriban 4.5. Dhidi ya mashine hiyo, ambayo daktari Colin Sullivan na wenzake waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981 huko Sydney, usingizi wa mchana ulikuwa karibu sawa, ila matukio ya kukatika pumzi yalibaki juu kwa karibu 10 kwa saa kwa waliofanya mazoezi peke yake. Wapitiaji walionya kwamba tafiti ni chache na ndogo, na onyo hilo ni la haki. Lakini sura inayojitokeza ni moja: mtu anaweza kuwa macho mchana kama mwenye mashine, huku usiku damu yake ikikosa oksijeni mara nyingi kuliko mwenye mashine.

Kabla sijafika kwenye jambo la madereva, niseme kidogo juu ya ala za muziki, kwa kuwa pwani yetu ina la kuchangia. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walichukua wagonjwa 25 wenye apnea ya wastani na kukoroma, wakawafundisha baadhi yao kupuliza didgeridoo, lile bomba refu la wenyeji wa Australia. Baada ya miezi minne, waliofundishwa walikuwa wamepungukiwa na usingizi wa mchana na pia na matukio ya usiku kuliko wale waliokuwa bado wakisubiri zamu yao. Mwaka 2017 utafiti huo ukapewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa kazi zinazowachekesha watu kwanza na kuwafikirisha baadaye. Bomba hilo huhitaji mpulizaji ajaze mashavu hewa na kuisukuma nje huku akivuta nyingine kwa pua, bila sauti kukatika. Wapiga zumari wetu wamekuwa wakifanya hivyo hivyo kwenye ngoma na harusi tangu enzi za mababu. Zumari ni ala yenye matete mawili yanayotetemeka mdomoni, na uchunguzi wa mwaka 2012 uliowauliza wanamuziki kwa dodoso ulionyesha kwamba wapulizaji wa ala za namna hiyo walikuwa na hatari ndogo zaidi ya apnea kuliko wenzao, ilhali kwa ala nyingine za kupuliza tofauti hiyo haikuonekana. Sijui kama wapiga matarumbeta wa harusi za Temeke watalipokea vizuri, lakini ndivyo ilivyo. Dodoso si kipimo cha usiku, kile cha kuhesabu pumzi zinazokatika mtu akiwa amelala, na simshauri mtu aanze kupuliza zumari saa kumi na moja alfajiri katika nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita.

Sasa madereva. Mjomba wangu huendesha lori kutoka bandarini hadi Tunduma, shingo yake ni nene na mkoromo wake unasikika hadi uani. Aliponiona na kifaa changu alisema, “Mjomba, na mimi nitafutie hicho. Nikifika Mikumi usingizi unanikamata hata nikitafuna karanga.” Nikamjibu, “Mjomba, kwanza ukapimwe usiku. Hiki nitakupa baadaye.” Alinuna, na nilimwelewa, kwa kuwa kifaa kinabebeka mfukoni na hakihitaji umeme, na kupimwa kuna maana ya kuacha safari na pengine kuambiwa usishike usukani kwa muda. Lakini ningempa kifaa bila kipimo, na usingizi wake ungepungua hata nusu, angepata ujasiri wa kuendesha usiku kucha huku nusu iliyobaki ikimsubiri kwenye mteremko wa Kitonga. Mtu anayejijua kuwa anasinzia huegesha. Aliyeaminishwa kwamba amepona hukanyaga mafuta. Ndiyo sababu nasema kwamba kwa dereva, nafuu ya mazoezi peke yake, bila kipimo cha usiku, ni hatari kuliko kukosa nafuu kabisa.

Kwa wasioendesha pia, hesabu ya usiku ina uzito wake. Kukatika kwa pumzi huambatana na presha isiyoshuka kwa dawa, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na kiharusi. Usingizi wa mchana ni dalili ambayo mgonjwa huihisi na kuilalamikia, wakati oksijeni inayoshuka saa nane usiku haimlalamikii mtu.

Mazoezi haya basi ni ya nani? Nayaona yanawafaa watu wa namna tatu. Wapo wenye hali nyepesi au ya wastani ambao wamepimwa na watapimwa tena. Wapo wanaotumia mashine vizuri na bado wanasinzia kidogo, jambo ambalo hutokea. Na wapo walioishindwa mashine kwa sababu ambazo kila mkazi wa mji huu anazijua: barakoa katika joto la Februari, umeme kukatika usiku wa manane, chumba kimoja chenye watoto wanaoogopa sauti yake. Mimi ni wa kundi la pili. Mashine nimeizoea, na mazoezi yameniondolea ule uzito wa baada ya adhuhuri uliokuwa ukinifanya nisome barua moja mara tatu. Mwenye unene uliozidi asisahau kwamba kupunguza uzito kwenyewe ni tiba. Uchunguzi maarufu wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba kupunguza asilimia 10 ya uzito huendana na kupungua kwa matukio kwa asilimia 26 hivi. Pombe ya usiku nayo huilegeza misuli ile ile tunayohangaika kuiimarisha.

Anayetaka kifaa asikinunue tu na kukikaza hadi mwisho kwa majivuno. Aliyewahi kupasuka pafu, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, tumbo au kifua karibuni, mwenye ngoma ya sikio iliyotoboka, mwenye pumu isiyotulia, na hasa aliyeugua kifua kikuu kikamwachia makovu mapafuni, azungumze na daktari kwanza. Kuvuta kunafanyika kwa kuketi wima, pua ikiwa imebanwa, pumzi ikitolewa yote kisha ikavutwa ndani kwa kasi. Kizunguzungu kikija, mtu apumzike, kwa kuwa maana yake ni kwamba anapumua haraka mno. Kadiri nguvu inavyoongezeka, springi nayo hukazwa zaidi, la sivyo mazoezi hugeuka mazoea. Kifaa kioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa, kwa maana unyevu wa Dar es Salaam huotesha ukungu kwenye plastiki kwa siku chache. Na anayeacha asitegemee akiba: misuli hii hupoteza nguvu kama mingine yote.

Mjomba alikwenda kupimwa baada ya mama kuingilia kati. Alipewa kipimo cha kulala nacho nyumbani, chenye mkanda wa kifuani, mrija wa puani na kishikio cha kidoleni, na hesabu yake ikapita 30 kwa saa. Sasa akilala Makambako mashine yake hupata umeme kutoka betri ya lori kupitia inveta, safari za usiku amezikataa mpaka kipimo kirudiwe, na mazoezi ya ulimi huyafanya akiwa kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza, ambako utingo wake anadai kwamba madereva wengine humdhania anawazomea.